DOLA MILIONI 10 KABLA HATA YA KOMBE: NANI KASEMA MICHELLE WIE ALIFELI?

Kuna maneno hayaishi mitandaoni: "Huyu alikuwa moto sana, sasa hivi kafulia." Yanaandikwa chini ya picha ya msanii aliyekaa miezi sita bila wimbo, yanaandikwa chini ya picha ya mcheza mpira anayesugua benchi, na mara nyingi anayeyaandika hajawahi kuwa moto hata siku moja. Kwenye gofu maneno hayo yamemwandama mwanamke mmoja kwa karibu miaka 20. Anaitwa Michelle Wie, siku hizi Michelle Wie West. Anayetaka kujua watu wazima wanavyoweza kumpamba mtoto mpaka akawa mali yao, halafu wakamzomea kwa kosa la kuwa mtoto, aanzie kwenye miaka yake ya mwanzo.

Ndiyo, gofu. Ule mchezo ambao vijana wengi wa Dar wanauona kwa mbali wakipita pembeni ya uzio wa Gymkhana, wakijua ni wa vigogo na mabalozi. Hakuna haja ya kujua mchezo wenyewe ili kuielewa stori hii. Cha kujua ni kimoja tu: anayepiga mikwaju michache ndiye anayeshinda, na mashindano makubwa huwa na mchujo katikati. Ukishindwa mchujo, unafungasha na hupati hata senti.

Michelle alizaliwa Honolulu, Hawaii, tarehe 11 Oktoba 1989, wazazi wake wakiwa wametoka Korea Kusini. Mama aliwahi kuwa bingwa wa gofu ya ridhaa huko kwao, baba alikuwa profesa wa chuo kikuu. Shule aliyosoma ni Punahou, ileile aliyosoma Barack Obama, kwa hiyo watu wa Kogelo wana haki ya kudai ujirani kidogo hapo.

Sasa angalia kasi yake. Akiwa na miaka 10 alifuzu kucheza mashindano ya taifa ya Marekani ya wanawake wa ridhaa kwenye viwanja vya umma. Miaka 10! Mwaka 2003, akiwa na miaka 13, aliyashinda mashindano hayohayo mbele ya wanawake wazima. Mwaka huohuo alialikwa Kraft Nabisco, moja ya mashindano makubwa kabisa ya wanawake wa kulipwa duniani, akapiga raundi ya mikwaju 66 na kumaliza nafasi ya 9 kwa kulingana na wengine. Ni mtoto wa darasa la saba huyo, amesimama na wanawake ambao gofu ndiyo inawalipia kodi ya nyumba.

Januari 2004 akafanya kilichoitikisa dunia ya gofu yote. Alikuwa na miaka 14, akapewa mwaliko kucheza Sony Open pale Honolulu. Hayo ni mashindano ya wanaume. Akapiga 72 siku ya kwanza na 68 siku ya pili. Alikosa mchujo kwa mkwaju 1. Ile 68 ilikuwa raundi bora kuliko zote zilizowahi kupigwa na mwanamke kwenye ziara kuu ya wanaume ya Marekani, na kuna wanaume wenye majina makubwa waliorudi nyumbani wiki hiyo wakiwa chini yake. Wangekuwa na Instagram wakati ule, wangefunga komenti.

Hapo ndipo kila mtu alipopata wazo moja kwa wakati mmoja: huyu mtoto ni hela.

Tarehe 5 Oktoba 2005, siku 6 kabla hajatimiza miaka 16, Michelle alikaa mbele ya kamera hotelini Honolulu na kutangaza kwamba sasa yeye ni mchezaji wa kulipwa. Nyuma yake kulikuwa na Nike na Sony. Mikataba iliripotiwa kufikia dola milioni 10 kwa mwaka, ambazo kwa viwango vya leo ni zaidi ya shilingi bilioni 20 za Kitanzania. Wakala wake alikuwa William Morris, kampuni iliyokuwa ikisimamia mastaa wa sinema. Siku hiyohiyo alitoa dola 500,000 kuwasaidia waathirika wa kimbunga Katrina, jambo ambalo waliokuwa wanamsema kwa uroho hawakulikumbuka sana baadaye.

Wachezaji wenzake wakanuna. Kuna wanawake walikuwa wameshinda mashindano kadhaa na hawajawahi hata kunusa mkataba kama ule. Hasira yao inaeleweka. Lakini ilipigwa mlango usio wake. Kampuni ya viatu hailipi makombe, inalipa macho ya watu, na macho yalikuwa kwa Michelle. Halafu mtoto wa miaka 15 hajadiliani mkataba na Nike peke yake. Kuna baba, kuna mama, kuna wakala, kuna wanasheria, kuna mabosi wenye tai. Watu wazima chungu nzima. Ila siku mambo yalipoharibika, jina lililoandikwa magazetini lilikuwa moja.

Na yaliharibika mapema mno. Wiki ileile aliyotimiza miaka 16 alicheza mashindano yake ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa, Samsung World Championship, huko California. Alimaliza wa 4. Zawadi yake ilikuwa dola 53,126. Lakini siku moja kabla ya kumaliza, mpira wake ulikuwa umeingia kichakani, akachukua adhabu kama sheria inavyoruhusu na kuudondosha pembeni. Mwandishi mmoja wa jarida la michezo aliona ameudondosha karibu zaidi na shimo kuliko inavyotakiwa. Alikaa nalo usiku kucha, kesho yake ndipo akawaambia maofisa. Michelle alipomaliza raundi ya mwisho wakarudi naye pale kichakani, wakapima kwa uzi, wakakuta kweli umesogea kidogo. Kwa kuwa kadi ya matokeo ilishasainiwa bila adhabu hiyo, akafutwa kabisa. Hela ikayeyuka.

Sheria ni sheria, hapo hakuna ubishi. Ila kuna swali ambalo halikuulizwa vya kutosha: kwa nini mtu mzima aliyeona kosa la mtoto kabla kadi haijasainiwa asubiri mpaka kesho? Angesema palepale, binti angeongezewa mikwaju ya adhabu na maisha yangeendelea. Michelle alilia kidogo mbele ya waandishi, akasema amejifunza, akaondoka. Wazee wa kupenda drama wakapata drama yao.

Stori ambayo watu wengi wanaisimulia kuanzia hapa ni hii: alijifanya mwanaume, akang'ang'ania kucheza na wanaume, akapotea. Ni stori tamu kusimulia, hasa kwa wanaopenda kumwambia mwanamke "ulikuwa unatafuta nini huko". Shida ni kwamba haikubaliani na matokeo.

Ni kweli alicheza ziara kuu ya wanaume mara 8 jumla na hakupita mchujo hata mara 1. Ni kweli pia kwamba Mei 2006 alipita mchujo kwenye mashindano ya wanaume Korea Kusini, mwanamke wa pili kufanya hivyo huko baada ya Se Ri Pak. Lakini fungua upande wa wanawake mwaka huohuo wa 2006, ule unaosemwa eti ndio alikuwa anapoteza muda na wanaume. Kraft Nabisco: nafasi ya 3 kwa kulingana, mkwaju 1 tu kutoka kuingia mchezo wa marudiano kuwania kombe. LPGA Championship: nafasi ya 5 kwa kulingana. US Women's Open: nafasi ya 3 kwa kulingana. Hayo ni mashindano makubwa 3 mfululizo, na binti ana miaka 16, kesho yake ana mtihani wa shule. Kama huko ndiko kupotea, kuna watu wengi wangelipa nauli kwenda kupotea naye.

Kwa hiyo wanaume hawakumuua. Kilichomuua kidogokidogo ni jambo ambalo halina picha nzuri ya kupost, nalo ni ratiba.

Ziara ya wanawake ya Marekani, LPGA, haikuwa inachukua wanachama walio chini ya miaka 18 bila ruhusa maalumu. Michelle hakuwa mwanachama. Maana yake alikuwa mchezaji wa kulipwa asiye na nyumbani. Aliishi kwa mialiko ya wadhamini, na asiye mwanachama anaruhusiwa mialiko michache tu kwa mwaka. Mchezaji kijana wa kawaida anacheza kila wiki, anavurunda Jumatano kwenye mashindano ambayo hakuna kamera, anarekebisha, anavurunda tena, na hakuna anayejua. Michelle hakuwa na mahali pa kuvurunda kimya kimya. Kila alipotokea ilikuwa tukio. Kila mwaliko ulikuwa na mtu aliyelipa ili yeye aonekane. Na tazama tena yale mashindano ya wanaume pale Honolulu, yanaitwa Sony Open. Tazama na jina lililokuwa kwenye mkataba wake. Mtoto akiwa na mkataba na kampuni na kampuni hiyohiyo ina mashindano mtaani kwao, nani anamwambia "mwaka huu pumzika"?

Mapema 2007 alianguka akikimbia mazoezini, akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Kwenye gofu kifundo cha mkono ni kama koo kwa mwimbaji. Hakuna mtu anayemwambia mwimbaji aliyepasuliwa koo apande jukwaani akajaribu. Lakini baada ya kama miezi minne tu Michelle alikuwa uwanjani, Ginn Tribute, South Carolina, mashindano ambayo mwenyeji wake alikuwa malkia wa gofu wa wakati ule, Annika Sörenstam.

Siku hiyo ilikuwa mbaya sana. Baada ya mashimo 16 alikuwa amezidi kiwango cha uwanja kwa mikwaju 14. Akasimama, akashika mkono, akajitoa. Watu wakatoa kikokotoo haraka kuliko daktari. Kulikuwa na sheria ya LPGA kwamba asiye mwanachama akipiga 88 au zaidi anafungiwa mashindano yao mwaka mzima, na kwa kasi ile mashimo 2 yaliyobaki yangeweza kumfikisha huko. Kwa hiyo ikawa si mkono, ni ujanja. Siku mbili baadaye akaonekana akijifua kwa ajili ya mashindano yaliyofuata, na Sörenstam mwenyewe akasema hadharani kwamba ni kukosa heshima.

Je, alijitoa kwa sababu ya mkono au kwa sababu ya ile 88? Inawezekana kabisa ni vyote viwili, na bado si yeye wa kulaumiwa kwanza. Swali zito ni nani alimruhusu kusimama pale siku ile. Msichana wa miaka 17 anayeumwa hawezi kuwa yeye ndiye mwenye jukumu la kusema hapana kwa wadhamini, kwa waandaaji, kwa runinga, kwa baba na kwa mama. Hilo ndilo jukumu ambalo watu wazima wanalipwa kulibeba, na wote walilikimbia. Wiki iliyofuata alicheza LPGA Championship, akapita mchujo na kumaliza wa mwisho kati ya waliopita. Kisha US Women's Open, akapiga 82 siku ya kwanza na kujitoa tena. Ule ule mkono.

Na huku pembeni wachambuzi wanasema hana moyo. Mtu amevunjika mkono, anapiga mpira wa gofu mbele ya dunia nzima, halafu hana moyo!

Wazazi wake walipigwa madongo mengi, mengine ya haki. Baba yake aliwahi kumbebea begi la fimbo mwenyewe, walionekana kila mahali, makedi walibadilishwa, na hakuna siku binti alionekana amesimama peke yake. Ni mameneja au ni wazazi? Hapa Bongo swali hilo si geni. Kila mtu anamjua dogo fulani aliyetoka na wimbo mmoja mkali, baba akaacha kazi akawa meneja, shangazi akashika hela, na dogo alipoumwa hakuna aliyejua kama amwite daktari au promota. Lakini kuwageuza wazazi wa Michelle kuwa mashetani ni uvivu. Walikuwa watu wawili waliopenda mchezo, wakapata mtoto ambaye hakuna mzazi aliyewahi kupata kitabu cha kumlea. Wao angalau walimkalisha kwenye kiti cha shule. Kampuni zilimkalisha kwenye kiti cha mapambo ya uso.

Shule ndiyo sehemu ya stori hii ambayo ilitukanwa kuliko zote, na ndiyo iliyomwokoa.

Vuli ya 2007, akiwa amevurunda mwaka mzima, mkono haujapona, watu wakisubiri aingie kambini ajifungie afanye mazoezi usiku na mchana, Michelle alikwenda kuanza masomo Chuo Kikuu cha Stanford. Povu lililomwagika hapo ni la kukumbukwa. Hayuko siriasi. Anachezea kipaji. Mtu analipwa mamilioni halafu anaenda kuandika esei? Tiger Woods mwenyewe alikaa Stanford miaka 2 akaondoka 1996 akaenda kazini, huyu anafanya kinyume! Na alikuwa hata haruhusiwi kuichezea timu ya chuo, kwa sababu alishakuwa mchezaji wa kulipwa. Kwa hiyo alikwenda pale kama mwanafunzi tu, wa kupanga foleni ya chakula kama wenzake.

Fikiria maana yake kwa mtu ambaye tangu ana miaka 10 hajawahi kuwa "tu" kitu chochote. Pale kulikuwa na vijana wengi wenye akili kali kuliko yeye, wengine hawajui gofu ni nini. Mwaka ukipita bila kombe, kuna mtihani wa kupita. Ana kitu cha pili cha kuwa. Wanaosema ilimpunguzia makali wanasahau makali yalikuwa yameshakatwa na ratiba ile ya nyuma. Chuo kilimpa mahali pa kukaa wakati yanaota upya.

Ushahidi uko wazi. Mwaka 2008 bado alikuwa anahangaika. Julai alikuwa mkwaju 1 nyuma ya aliyeongoza kwenye State Farm Classic baada ya siku 3, kisha akafutwa kwa sababu siku ya pili alitoka eneo la kukabidhi matokeo bila kusaini kadi yake. Kadi tena! Ungedhani kuna mtu alimroga na kalamu. Lakini mwisho wa mwaka huo alifanya jambo ambalo mtu mwenye kiburi asingelifanya. Aliacha kuomba mialiko, akaenda kwenye mashindano ya kufuzu kama wachezaji wengine wasio na jina, akasota siku kadhaa Florida na kupata kadi yake ya uanachama wa LPGA. Hakuna mdhamini aliyempa. Alikuwa na miaka 19 na tayari alishaitwa staa mzee.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka. 2009 aliichezea Marekani dhidi ya Ulaya kwenye Solheim Cup, akacheza mechi 4, akashinda 3 na kutoka sare 1. Novemba mwaka huo akashinda kombe lake la kwanza la LPGA huko Guadalajara, Mexico, kwenye mashindano ya Lorena Ochoa. Alikuwa na miaka 20, bado mwanafunzi. 2010 akashinda Canada. 2012 akahitimu Stanford, shahada ya mawasiliano. Na Juni 2014, Pinehurst, akashinda US Women's Open, kombe ambalo kila mwanamke anayeshika fimbo Marekani analiota, kwa tofauti ya mikwaju 2 mbele ya Stacy Lewis, aliyekuwa namba moja wa dunia wakati ule.

Jumla makombe 5 ya LPGA. Na hapa ndipo "kafulia" inaporudi. Watano tu? Waliahidiwa Tiger wa kike, wakapewa watano!

Waliahidiwa na nani? Michelle hakuuza tiketi za ahadi hiyo. Alikuwa darasani. Wapo wachezaji wengi wa kulipwa wanaostaafu bila kombe hata 1 la LPGA, na wanaitwa wachezaji wazuri, wanaheshimiwa, wanapewa kazi ya kuchambua kwenye runinga. Yeye ana 5, moja likiwa kubwa kuliko yote ya nchi yake, kayapata na vifundo vya mikono vilivyoliwa na baridi yabisi, na bado anawekwa kwenye orodha za "waliopoteza vipaji". Hesabu hiyo si ya gofu. Ni ya watu waliokuwa wameshaandika mwisho wa filamu kabla mtoto hajamaliza sekondari, halafu wanamdai sinema yao.

Mfano wa pili upo, kwa anayedhani Michelle ni kisa cha peke yake. Lydia Ko wa New Zealand alishinda mashindano ya LPGA mwaka 2012 akiwa na miaka 15, akiwa bado wa ridhaa, kwa hiyo hela hakuigusa. Mwaka uliofuata akatetea kombe lilelile. Hakuharakishwa hivyo, aliingia kwenye ulipwaji Oktoba 2013 na LPGA ikamlegezea sheria ya umri, akawa mwanachama kamili mwenye haki ya kucheza kila wiki na kuvurunda kila wiki. Februari 2015 alikuwa namba moja wa dunia akiwa na miaka 17. Njia yake ilikuwa safi kuliko ya Michelle kwa kila kipimo. Na bado ilipofika 2017 makombe yakakauka, akabadilisha kocha, akabadilisha fimbo, akabadilisha kedi, na mitandao ikaimba wimbo uleule: kafulia, wazazi wamemharibu. Alikuwa na miaka 20! Agosti 2024, Paris, akachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki na kuingia kwenye ukumbi wa heshima wa LPGA akiwa na miaka 27. Waliomzika wako wapi? Wamehamia kwa dogo mwingine.

Tofauti kati ya mabinti hawa wawili si kipaji wala moyo. Mmoja alipewa ziara ya kuchezea, mwingine alipewa jukwaa la kuonyeshwa. Wanaosimamia vipaji hapa kwetu, wa muziki, wa ngumi, wa soka, wangeitazama tofauti hiyo kwa macho mawili kabla ya kumbandika mtoto kwenye bango la Mwenge.

Michelle aliaga mashindano Julai 2023, US Women's Open, Pebble Beach. Mwezi mmoja kabla, New Jersey, alikuwa mwenyeji wa mashindano mapya ya LPGA, Mizuho Americas Open. Aliyeshinda alikuwa Rose Zhang, miaka 20, akicheza wiki yake ya kwanza kabisa kama mchezaji wa kulipwa, wa kwanza kufanya hivyo kwenye LPGA tangu 1951. Alikuwa mwanafunzi wa Stanford. Watu wakamuuliza kama sasa ataacha chuo. Hakuacha.